Majina ya kizamani kwa mbwa na paka

Nimepata mtoto wa mbwa wa kike na nimelipenda jina Mabel. Lina maana gani, na mbona majina ya mabibi yanavutia hivi?

Mabel limetoka kwenye neno la Kilatini amabilis, yaani mwenye kupendeka. Lilivuma kwa wasemao Kiingereza mwishoni mwa karne ya 19, kisha likafifia. Utamu wake uko hapo hapo: jina likipumzika vizazi kadhaa hurudi likiwa jipya masikioni, kwa kuwa hakuna wa rika lako anayeitwa hivyo. Hazel, Pearl na Otis ni hivyo hivyo. Halafu inapendeza mno kiumbe mdogo anayetafuna viatu kubeba jina la mtu mzima mwenye heshima zake.

Theodore si refu mno kwa mbwa?

Kwa kumwita, ni refu. Kwenye kadi ya chanjo andika Theodore, "zawadi ya Mungu" kwa Kigiriki, ila nyumbani mwite Teo. Xenophon, Mgiriki aliyeandika kuhusu uwindaji zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishauri mbwa wapewe majina mafupi yaitikayo kwa urahisi, na Psyche, yaani "roho", limo katika orodha yake. Silabi mbili zinatosha. Jina likiishia kwa vokali unaweza kulivuta ukiita kwa mbali. L ya Mabel humezwa na upepo. Chunga pia amri zako: Lola liko karibu mno na "lala", na Joe na "njoo".

Nimechukua mbwa mzima anayeitwa Max. Naweza kumbadilisha awe Arthur?

Naam. Kata nyama iliyochemshwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Akiwa ametulia, hatua moja kutoka ulipo, sema "Arthur, Max" mara moja tu. Akigeuza kichwa, mpe kipande papo hapo. Ukichelewa, atadhani amelipwa kwa kunusa sakafu. Fanya mara 8 hadi 10 kisha muache, vipindi 2 au 3 kwa siku. Baada ya siku chache, nyamaza kidogo kabla ya "Max". Akigeuka mapema, liondoe.

Kinachoharibu kazi ni kuita "Arthur, Arthur, Arthur" bila chochote kufuata, hadi jina likawa kelele tu, au kulitumia kumkaripia na kumwitia kukatwa kucha. Hapo mbwa hujifunza kukaa mbali, na hana kosa. Kama jina la zamani linamfanya ajikunyate, usilitaje kabisa. Anza na jipya peke yake. Akiwa na chipu, yaani kitambulisho kidogo cha kielektroniki chini ya ngozi, rekebisha jina kwenye kumbukumbu zake.

Paka wangu Winston haitiki. Hajui jina lake?

Huenda analijua. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha paka wa nyumbani hutofautisha majina yao na maneno mengine yanayofanana nayo kwa urefu. Tazama masikio yake, yakigeuka, amesikia. Taja jina kila unapoweka chakula.

Fido na Rex hayajachakaa?

Hata kidogo. Rex ni "mfalme" na Fido ni "naamini", yote Kilatini. Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa na mbwa aitwaye Fido kule Springfield, jimbo la Illinois. Silabi mbili, mwisho o: linaitika vizuri hata uwanja wa pili.