Thamani ipi ibadilishwe na ipi iachwe katika saketi za zamani

Anayetengeneza redio ya valvu hukutana mapema na kapasita ya mikrofaradi 0.05 au rezista ya kiloomu 500, thamani ambazo leo ni adimu. Mimi huweka 0.047 na 470 bila wasiwasi, kwa kuwa vipuri vya enzi hizo viliruhusiwa kupishana na thamani iliyoandikwa kwa asilimia 10, na mara nyingi hata 20, na mbunifu alilizingatia hilo alipochora saketi yake.

Uhuru huo hauenei kila mahali. Kapasita ya kwanza ya kuchuja, ile inayofuata valvu ya kugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, ndiyo ninayoichunga kuliko zote, maana wengi hudhani kwamba wakiiongeza thamani, mvumo (ile sauti ya chini ya umeme kwenye spika) utapungua na basi. Mvumo hupungua kweli, lakini kila mara kapasita hiyo inapojazwa, valvu hulazimika kupitisha mpigo mkubwa zaidi wa mkondo. EZ80, kwa mfano, ambayo ni valvu ya aina hiyo, imewekewa kikomo cha mikrofaradi 50, na anayeifungia 100 anaifupishia maisha. Mvumo ukisumbua, ongeza kapasita ya pili, iliyo baada ya rezista au choki (koili ya kuchuja). Volti zinazohimiliwa na kapasita mpya zinaweza kuzidi za ile ya zamani, ila zisipungue kamwe.

Vivyo hivyo, daiodi ya silikoni ikichukua nafasi ya kinyoosha mkondo cha seleniamu, volti za saketi nzima hupanda, kwa sababu silikoni hupoteza volti chache kuliko seleniamu. Hapo huunganisha rezista mfululizo na daiodi, nikiirekebisha hadi volti zilingane na za mchoro.

Nisichokubaliana nacho kabisa ni kuongeza thamani ya rezista ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni) ili kutuliza valvu ya mwisho, ile inayoendesha spika, inapochemka. Chanzo cha joto hilo mara nyingi ni kapasita ya karatasi inayoiunganisha na valvu iliyotangulia, ikivujisha volti chanya hadi kwenye gridi, sehemu inayodhibiti mkondo ndani ya valvu. Zima umeme, ondoa chaji iliyobaki kwenye kapasita za kuchuja, fungua mguu mmoja wa kapasita hiyo, kisha washa na upime gridi upya: volti chanya zikitoweka, badilisha kapasita na uiache rezista ilivyo, isipokuwa imepanda thamani kwa uzee, kama zifanyavyo nyingi za kaboni. Ipime nayo ikiwa imefunguliwa mguu mmoja, umeme ukiwa umezimwa.