Jibu: Tepu ikigeuka nyeusi, vifaa vimetakasika?

Dada, umeuliza kama mistari ya tepu inayobandikwa nje ya vifurushi vya vifaa ikishageuka nyeusi hapo kliniki kwenu Temeke, basi vifaa viko tayari kwa mgonjwa. Hapana, bado. Mistari ile inakuambia kifurushi kimepita kwenye joto la autoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, basi. Haikuambii kama mvuke umepenya mpaka katikati, viliko mkasi na koleo. Ukishindilia vifurushi ndani ya autoklevu, tepu ya nje itageuka vizuri kabisa huku ndani vijidudu vikiwa hai. Ndiyo maana naomba sana muweke karatasi ya kiashiria, ile inayobadilika rangi mvuke ukiifikia, ndani ya kila kifurushi, na anayefungua aitazame kabla hajagusa kifaa.

Geji nayo isomwe: vilivyofungwa, nyuzi 121 kwa dakika 30, ukianza kuhesabu joto likishafika. Umeme ukikatika katikati, rudia tangu mwanzo hata kama mistari imeshakolea. Kifurushi kikitoka kimelowa, usikitumie.

Halafu, tepu ya mvuke siyo ya oveni ya joto kavu. Mnapokwenda kununua, someni boksi kwanza.