Kabla ya Kuandika Joka, Uliza Nani Alibeba Nini

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu ilikuwa na joka. Lililala ndani ya mlima, likaamka na hasira, likafungua kinywa na kuutapikia moto mji mweusi ulio kando ya ziwa. Mtu yeyote wa Goma, mashariki mwa Kongo, angejua ninasema nini. Nilikuwa na miaka tisa Alhamisi ile ya tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu, Nyiragongo, ilipopasuka, na niliamini kwamba aliyeuona moto ule akiuandika tu, moto wenyewe utafanya kazi iliyobaki. Niliandika kurasa mia mbili. Zote zilikuwa baridi.

Nilichelewa kuelewa kwamba joka lile sikulitoa Goma, nililitoa kwenye filamu. Mlima wetu haukufungua kinywa mwaka ule. Ulipasuka ubavuni, nyufa zikateremka upande wa kusini hadi karibu na Munigi, moto ukatoka ardhini jirani na nyumba za watu. Ukakata mji katikati, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia ziwani. Aliyekuwa amekodolea macho kilele alikuta hatari imeshafika mtaani kwake. Hofu niliyokua nayo ni hiyo: ardhi ninayoikanyaga kufunguka. Nilipolikubali jambo hilo nililifuta joka, na kwa mara ya kwanza mkono ulitetemeka nikiandika.

Kwa hiyo wewe unayeandika fantasia, au unayetamani kuanza, ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiliandike tukio lililokupata, tafuta alama liliyokuachia. Tukio ni la watu wote, hata magazeti yaliliandika. Alama ni yako. Mimi viatu vyangu hulala mlangoni, vikitazama nje. Vyeti vya nyumba nzima vipo katika mfuko mmoja, na mfuko umening'inia msumarini karibu na mlango. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mpaka Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, mbingu ilipokuwa nyekundu tena. Nilimshika mwanangu, nikachukua mfuko, kisha nikasimama mlangoni nikiwa na mkono mmoja mtupu. Nikaitazama nyumba nikitafuta kitu cha tatu. Labda zilipita sekunde kumi tu, lakini riwaya yangu yote inakaa ndani ya sekunde hizo. Sasa ina mji ambao kila mkazi, akifika umri wa kuolewa au kuoa, hutaja mbele ya wazee kitu kimoja atakachobeba siku ya kukimbia. Akikitaja, hawezi kukibadilisha tena. Sheria hiyo sikuibuni mezani, niliikuta nimesimama mlangoni.

Tazama mazoea yako, basi. Kile unachokifanya bila kufikiri, ambacho mgeni akikiona atakuuliza, ndipo dhamira yako ilipojificha.

Kuhusu uchawi, nitasema kwa urefu kidogo, maana hapo ndipo waandishi wengi wa kwetu tunapojinyima mali yetu wenyewe. Tunaazima fimbo na pete za watu wa mbali, na huku chini ya miguu yetu kuna mazuku. Msomaji wa Mombasa au Dodoma huenda hajui neno hili. Kuzunguka Goma na Sake kuna mabonde madogo ambamo hewa ya kaboni (kabonidaioksidi) inatoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inalala chini, haina rangi, haina harufu, hasa asubuhi ambapo upepo umetulia. Mtu mzima anaweza kupita amesimama, asihisi kitu. Mbuzi anayefuata majani anaanguka. Mtoto anayeinama kuokota mpira anaanguka. Wazee wetu waliuita upepo mbaya miaka mingi kabla ya wataalamu kuja na vipimo vyao.

Fikiri mwandishi anapewa nini hapo. Kifo kisichopanda juu ya magoti! Kifo kinachowaacha warefu na kuwachukua wadogo, huku warefu wakiapa kwamba njia ni salama kwa sababu wao wamepita. Nilipokiingiza katika kitabu sikuongeza kitu, nilikipa jina tu. Na dhamira ilikuja yenyewe: watu wazima wanaoamua juu ya hatari ambayo haifiki puani mwao. Utotoni nilikatazwa kucheza kwenye shimo fulani, nikadhani wananionea. Hasira ile ya mtoto, na shukrani iliyokuja baadaye, ndizo zinazompa uhai mhusika wangu mkuu.

Ziwa Kivu nalo limenipa sura moja. Chini kabisa limehifadhi gesi ya methani na hewa ya kaboni nyingi sana, na kinachozizuia zisipande ni uzito wa maji yaliyo juu. Nililiwaza hilo mwishoni mwa Mei 2021, tulipoambiwa tuhame mitaa na mimi nikapanda boti na mwanangu kwenda Bukavu. Maji yalikuwa matulivu, na wazee walikaa kimya njia nzima. Nilifahamu kwa nini mama yangu hakuwahi kutusimulia 2002. Tangu hapo sikumsumbua kwa maswali. Nilimwandikia sura, nikampa asome.

Kabla sijafika huko, neno kuhusu umbali. Kuna wanaosema fantasia ni kukimbia ukweli. Siliamini hilo. J. R. R. Tolkien, mwandishi Mwingereza wa fantasia, alipigana vita vya Somme, Ufaransa, mwaka 1916, na ilipofika 1918 marafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja. Katika hadithi zake hutaikuta Somme, utamkuta rafiki anayembeba mwenzake mgongoni mguu usipoweza tena. Shaaban Robert, karani chini ya utawala wa Waingereza, mwaka 1951 alitupa Kusadikika, nchi iliyo angani, na huko angani akamweka kizimbani mtu anayetaka watu wafundishwe sheria. Wote wawili walihama mahali, jeraha wakalibeba.

Lakini yapo mambo ambayo bado huwezi kuyahamisha. Baada ya 2002 tulirudi nyumbani mawe yakiwa bado na moto ndani, meusi juu, na mvua ikinyesha yanatoa moshi. Watoto tuliyapenda. Aliyeyakanyaga kabla ya wakati aliunguza soli, na wengine waliunguza nyama. Ilibidi kungoja. Yalipopoa ndipo watu walipoyavunja kwa nyundo na kujengea kuta, na leo sehemu ya mitaa yetu imesimama juu ya kile kilichoibomoa. Mimi vita sijaviandika. Nimejaribu mara tatu, na kila mara kurasa zimegeuka kilio au matusi. Ukiona sentensi zako zinapiga kelele, liache jiwe lipoe, andika kingine. Usimwache mtu akuharakishe, hata kama anakuambia dunia inasubiri sauti kutoka Kivu.

Sasa sura niliyompa mama.

Siku ile ya 2002 tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, kwa miguu, na mama alibeba kichwani kichwa cha mashini ya kushona, kile cha chuma, bila meza yake. Picha za harusi alizibakiza ndani, zikaungua. Mimi nilikuwa nimeshika sketi yake njia nzima, na miaka kumi na tisa nilikuwa na maelezo yangu: mama alichagua kazi, alichagua kutulisha. Katika riwaya nikamweka mwanamke anayebeba sanduku zito kuvuka nchi inayoungua, na ndani ya sanduku kuna kila anachohitaji kuanza upya. Niliona ni sura nzuri.

Mama alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Akavua miwani.

"Ile mashini haikuwa yangu, mama," akaniambia. "Ilikuwa ya jirani, aliniazima juu ya nguo za Noeli. Kitu ya watu utaiacha namna gani mu moto?"

Sikuwa na la kujibu. Niliomba nisimuliwe yote, na usiku ule, kwa mara ya kwanza, alisimulia hadi taa ikaisha mafuta. Basi muulize aliyekuwepo kabla ya kuchapisha kumbukumbu zako kama ukweli, hata zikiwa zimevaa mavazi ya nchi ya kubuni. Nilichokuwa nimekiita ushujaa kilikuwa amana. Nilivunja nusu ya pili ya kitabu. Sasa mwanamke anafika salama katikati ya hadithi, na kurasa zote zilizobaki anatembea akiulizia mwenye sanduku, katika nchi ambayo kila mtu amekimbilia upande wake.

Jirani yetu alikuwa amekimbilia Sake. Alirudi, akafika nyumbani kwetu asubuhi moja akiuliza habari za watoto, na hakuthubutu kuuliza zaidi ya hapo. Mama alikwenda nyuma ya hema akamletea mashini yake, imefungwa kwa kitenge, imeshatiwa mafuta.