Maswali ya wasomaji: gripu ngumu, gripu zinazozunguka na mikono inayokufa ganzi

Barua nyingi safari hii zinahusu gripu, yaani zile raba za kushikia kwenye ncha za usukani wa baiskeli. Zilizofanana tumeziunganisha.

Nimefunga gripu mpya za raba. Ni ngumu na zinateleza, mkono ukitoka jasho ndiyo kabisa. Nimeshauriwa nizilaze usiku kucha kwenye mafuta ya taa ili zilainike. Nifanye hivyo?

Hapana. Zitalainika kweli, ila ni kwa sababu raba inakunywa mafuta na kuvimba. Ikivimba, tundu lake linapanuka na haiubani tena usukani. Mafuta yakikauka yanaondoka na vilainishi vilivyochanganywa ndani ya raba kiwandani, kwa hiyo wiki chache baadaye unabaki na gripu ngumu kuliko uliyoinunua, na nyufa juu yake. Petroli, dizeli, grisi na mafuta ya mgando ya kupaka mwilini ni ukoo huohuo, visiikaribie raba. Mafuta ya kupikia nayo hayalainishi chochote, yanaongeza utelezi tu.

Mara nyingi kinachoudhi si ugumu wa raba yenyewe bali ngozi yake ya juu. Gripu hutengenezwa ndani ya kalibu iliyopakwa dawa ya kuzuia raba isigande humo, na mabaki ya dawa hiyo hutoka nayo. Ule mng'aro wa gripu mpya ndio huo. Uondoe kabla hujailaumu raba: maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki wa zamani. Sugua dakika mbili au tatu kila gripu, uingie hadi kwenye mifereji, suuza vizuri, kausha. Kisha futa kwa kitambaa kilicholowana spiriti.

Ikiwa bado inang'aa, chukua msasa namba 180 au 220. Pitisha ukavu, kwa mkono mwepesi, ukizungusha gripu kidogo kidogo mpaka mng'aro ufe na rangi ifubae. Hapo acha. Ukiendelea utakula vichwa vya michirizi, na michirizi ndiyo inayokushikia mkono siku ya mvua. Kama tatizo ni michirizi yenyewe kuchoma kiganja, hapo ndipo unaruhusiwa kuzidisha kidogo, tena upande unaolalia kiganja tu. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi.

Baada ya hapo raba itazoeleka ndani ya wiki mbili tatu za kuendesha, lakini usitarajie miujiza: kinachobadilika ni uso wake, ugumu wa ndani haubadiliki. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukizama kidogo na alama ikarudi, una raba ya kawaida na itakufaa. Ukucha usipozama kabisa, umenunua plastiki iliyotiwa rangi ya raba, na hakuna dawa yake zaidi ya kuibadilisha.

Na maji ya moto je?

Yanasaidia kuivalisha tu. Gripu ikikaa dakika tano kwenye maji ya nyuzi 60 hivi inanyumbulika na kuingia kwa urahisi, lakini ikipoa inarudi ilivyokuwa. Usiichemshe, na usiiweke kwenye oveni. Gripu nyingi za siku hizi si raba halisi bali plastiki laini inayoigiza raba, na joto likizidi inapoteza umbo na haitaubana usukani tena.

Nilipaka sabuni ya maji ndani ya gripu ili iingie. Iliingia vizuri, lakini sasa siku ya nne na bado inazunguka mkononi. Nimwage gundi ndani?

Kwanza acha kuiendesha baiskeli hiyo. Gripu inayozunguka kwenye mteremko inakuondolea usukani mkononi ghafla, na hili ni jambo la usalama kuliko yote tuliyoulizwa.

Sabuni haikauki kama maji. Imefungiwa kati ya raba na chuma, hewa haifiki, na hata ikikauka inabaki utando unaorudi kuteleza kila maji ya mvua yanapopenya. Ukimwaga gundi juu ya utando huo, gundi itashika sabuni, haitashika chuma.

Itoe. Penyeza kijiti chembamba cha mianzi kati ya gripu na usukani, kama cha mishikaki, dondoshea spiriti kwenye mwanya, zungusha kijiti duara zima, kisha pindua gripu huku unavuta. Usitumie bisibisi, hasa kama usukani ni wa nyuzi za kaboni; mkwaruzo mmoja kwenye kaboni unaweza kuwa mwanzo wa ufa. Osha ndani ya gripu kwa maji ya moto mpaka maji yasitoe povu tena, osha na usukani, acha vyote vikauke usiku mzima.

Kuivalisha upya kunataka haraka. Usukani wa kawaida ulionyooka una kipenyo cha milimita 22.2 sehemu ya gripu, na tundu la gripu hufanywa dogo kidogo makusudi ili libane. Ziba upande mmoja kwa kidole gumba, mimina ndani kijiko kimoja cha chai cha spiriti, ziba upande wa pili, tikisa, kisha mwaga hiyo iliyobaki juu ya usukani. Hapohapo sukuma gripu kwa mkupuo mmoja huku ukiipindua kulia na kushoto. Ukisita katikati, spiriti itakauka na gripu itanasa hapo ilipo. Ikitokea, rudi kwenye kijiti. Hakikisha imefika mwisho na michirizi imeelekea unakotaka, kisha iache usiku kucha. Asubuhi ikamate kwa mikono miwili uipindue kwa nguvu zote. Isiposogea, panda. Kazi hii ifanyie mbali na jiko au sigara, kwani spiriti hushika moto upesi.

Tahadhari moja kuhusu spiriti yenyewe: spiriti ya kidonda ya aina fulani huchanganywa na mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi. Kwa mgonjwa ni vizuri, kwa gripu ni balaa. Dondoshea tone kwenye kioo usubiri likauke. Likiacha doa la mafuta, tafuta nyingine. Dawa ya nywele ya kupulizia nayo inafaa, na baadhi ya mafundi huipenda zaidi kwa sababu ikikauka inaacha unato. Gundi ya mpira tumia tu ukikubali kwamba siku ya kuitoa gripu utaikata kwa kisu.

Na ukimaliza, rudishia vizibo vya ncha za usukani. Bomba lililo wazi hukata mwili duara ukianguka juu yake.

Gripu zangu ni za kufunga kwa skrubu. Kwa nini ni ngumu kuliko za kuvalisha, ilhali ni ghali zaidi?

Kwa sababu chini ya raba kuna bomba la plastiki ngumu. Skrubu inabana pete ya ncha, pete inashika bomba, na raba imegandishwa juu ya bomba. Unene wote ukiwa uleule, bomba limekula nafasi, na raba iliyobaki ni nyembamba. Hailainiki zaidi ya hapo. Unachopata kwa pesa yako ni kwamba haizunguki na unaivua kwa dakika moja.

Ukitaka ulaini na skrubu pamoja, chagua yenye pete upande wa ndani tu. Ile ya pete mbili huweka chuma chini ya ukingo wa kiganja, pale ambapo wengi hushikia. Skrubu hizi ni ndogo. Hufungwa kwa alenki (ule ufunguo wa pembe sita) ya milimita 2.5 au 3, na kiwango cha kukaza huandikwa kwenye pete au karatasi yake. Kifuate. Wengi hukaza mpaka mkono uume, kisha uzi wa skrubu unachunika ndani ya pete ya alumini na gripu nzima inakuwa ya kutupa. Kama pete inazunguka hata baada ya kukazwa sawasawa, sababu huwa ni grisi au rangi iliyobaki kwenye usukani. Futa kwa spiriti na ukaze tena.

Nimeletewa gripu za ngozi halisi, za kushona. Ni kavu na ngumu. Zinalainishwaje?

Hizi ndizo gripu ambazo kweli hulainika kwa kutumika. Ngozi hupokea umbo la mkono na joto lake, na baada ya wiki kadhaa utaona vidole vyako vimejichora. Kazi yako ni kuisaidia bila kuiharakisha.

Kwa kuwa ni za kushona, loweka ngozi kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano mpaka kumi, ifunike usukani ikiwa mbichi, na ushone ukivuta uzi sawasawa kila tundu, mshono ukiwa upande wa chini wa usukani ambako vidole havisugui. Ikikauka inajibana. Ikaushe kivulini. Jua kali au moto wa jiko huifanya ngozi ikakamae, na ngozi iliyokakamaa hairudi vizuri.

Ikikauka kabisa, ndipo upake mafuta ya ngozi yenye nta, yale ya viatu vya ngozi asilia yasiyo na rangi. Kiasi cha nusu kijiko cha chai kinatosha gripu zote mbili. Yapashe kati ya viganja, sugua mpaka yaingie, acha usiku mzima, asubuhi futa ziada kwa kitambaa kikavu. Rudia baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi. Halafu kila baada ya miezi mitatu hivi, au ngozi ikionekana kufifia.

Kosa kubwa ni kuzidisha. Ngozi iliyoshiba mafuta inatepeta, inanyooka, mshono unalegea na gripu inaanza kuzunguka. Hata tukipenda ngozi laini, hatushauri mafuta ya kupikia: yanachacha na kunuka. Jasho nalo lina chumvi inayokausha ngozi, kwa hiyo ifute kwa kitambaa kibichi mara kwa mara.

Za sponji na za silikoni nazo zisuguliwe msasa?

Hapana. Sponji itachanika, na silikoni haifaidiki chochote. Zioshe kwa sabuni zikauke, basi.

Gripu za zamani zimeanza kunata kama zimepakwa asali.

Raba au plastiki yake imeanza kuoza kwa jua na jasho. Spiriti na poda ya mtoto vitakupa nafuu ya siku chache tu. Nunua nyingine.

Nimenunua gripu nene na laini kuliko zote dukani, na bado vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi nikiendesha kwa muda mrefu. Nitafute laini zaidi?

Huenda laini zaidi ikaongeza tatizo. Neva inayohudumia kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete hupita kwenye kitako cha kiganja, upande wa nje, na hubanwa unapoegemeza uzito wako hapo. Gripu laini mno humezwa na mkono, nawe bila kujua unakamata kwa nguvu zaidi. Nene mno nayo huchosha misuli ya mkono kwa kuwa vidole havifungi vizuri.

Angalia kwanza siti. Pua yake ikiinama, mwili unateleza mbele na mikono ndiyo inayozuia. Isawazishe kwa pima maji, kisha angalia kama usukani uko chini sana kwako. Halafu mikono ya breki: ukiweka vidole juu yake, mkono mzima kuanzia kiwiko hadi vidole uwe mstari mmoja, kifundo kisipinde. Legeza skrubu yake, zungusha, jaribu barabarani, kaza. Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, mshukiwa wa kwanza ni kifundo kilichopinda.

Gripu zenye bawa la kulalia kiganja zinasaidia hapa kuliko ulaini, maana hutandaza uzito mahali papana. Bawa likielekea juu kupita kiasi linapindisha kifundo upya, kwa hiyo lisogeze kidogo kidogo tu kila unapojaribu. Badilisha pia mahali pa kushika unapoendesha. Na ganzi ikidumu hata siku ambazo hukupanda baiskeli, au vidole vikipoteza nguvu ya kushika kalamu, muone daktari kabla hujabadilisha gripu nyingine.