Maswali Yenu: Hifadhidata ipi ina kasi?

SWALI: Chama chetu cha akiba na mikopo kina wanachama 40,000 na tunaachana na Excel. Fundi mmoja anatuuzia mfumo wa hifadhidata ya MySQL, mwingine ya PostgreSQL, na kila mmoja kaja na grafu inayosema yake ina kasi mara tatu ya mwenzake. Tumwamini nani? – Katibu, Morogoro

JIBU: Bado msimwamini yeyote. Kwanza ulizeni mipangilio. Zote mbili zikisakinishwa bila kuguswa hujitengea MB 128 tu za RAM za kuweka data karibu: MySQL kwa innodb_buffer_pool_size, PostgreSQL kwa shared_buffers. Fundi akiipa moja GB 8 na kuiacha nyingine ilivyo, grafu yake imeshajichora, na huenda hakukusudia hila.

Kisha ulizeni kama muamala unafika diskini kweli. Diski ya sahani ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mtumiaji mmoja anayesubiri kila muamala uandikwe hawezi kupita sana 120 kwa sekunde. Mkionyeshwa 3,000 kwenye diski hiyo, kuna mahali data inakaa kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika marejesho ya mtu yanapotea. Hakikisheni kwa MySQL mpangilio wa innodb_flush_log_at_trx_commit ni 1, na kwa PostgreSQL fsync na synchronous_commit ziko on.

Sasa pigeni hesabu yenu. Wanachama 40,000, miamala minne kwa mwezi kila mmoja, kwa miaka mitano: rekodi milioni 9.6. Hata nusu ya miamala 160,000 ya mwezi ikiangukia siku mbili za mwisho, saa nane kila siku, ni chini ya miwili kwa sekunde. Yoyote kati ya hizo mbili inabeba mzigo huo bila kutoka jasho. Ubishi wa "mara tatu" hauwahusu.

Mkitaka kujiridhisha, programu ya upimaji iitwayo sysbench hupima zote mbili kwa jaribio lilelile. Andaeni data ya mfano kwa amri yake ya prepare, kisha:

sysbench oltp_read_write --db-driver=pgsql --table-size=10000000 --threads=16 --time=1800 --report-interval=10 --percentile=99 run

Ongezeni jina la seva, mtumiaji na nywila; kwa MySQL andikeni --db-driver=mysql. Iendesheni kutoka kompyuta nyingine, isije ikagombania prosesa na hifadhidata. Nusu saa si anasa: kwa kawaida kila dakika 5 PostgreSQL humwaga mabadiliko yaliyolundikana kwenye faili kuu za data, na jaribio la dakika mbili halitauona mshtuko huo. Msizihesabu dakika 5 za mwanzo, rudieni mara tatu. Someni mstari wa asilimia 99, yaani muda ambao miamala 99 kati ya 100 haiuzidi, maana wastani humficha mteja aliyesimama dirishani sekunde nane.

Lakini kipimo chenu hasa ni kukokotoa riba ya mwisho wa mwezi huku makarani wakiendelea kupokea fedha. Waambieni mafundi wote wawili waiendeshe juu ya rekodi milioni 10 za mfano mkiwa mmeshika saa. Ikichukua dakika arobaini, shukuni kwamba faharasa (orodha inayoisaidia hifadhidata kupata rekodi haraka) ya namba ya mwanachama na tarehe haipo kabla ya kulaumu programu. Halafu wairejeshe nakala rudufu kwenye seva tupu, nayo muipime.

SWALI: Kwa nini leseni ya hifadhidata ya Oracle inakataza kutangaza matokeo ya upimaji? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Mwaka 1983 David DeWitt wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alishiriki kutoa vipimo ambavyo havikuipamba Oracle. Sharti la kutotangaza bila idhini likafuata, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Kupima kwa matumizi yenu ya ndani ni jambo jingine, ila someni kifungu chenyewe kabla ya kubandika namba mtandaoni.