Madogo wa biti, hiyo mikwaruzo inatoka wapi?

Juzi kaja dogo mmoja studio amefura. Kauza simu, kaomba na hela nyumbani, kanunua intafesi mpya (kile kisanduku cha kuingiza na kutoa sauti ya kompyuta), kaichomeka kwenye laptopu yake yenye prosesa dhaifu ya Celeron na ramu ya GB 4, na biti bado inakwaruza vilevile. Aliyemtangulia alipiga Windows upya mara mbili na kupoteza plagini zote (vile vyombo na vifaa vya sauti vya ndani ya kompyuta). Mwingine yeye kaenda Kariakoo kubadilisha spika. Wote watatu hakuna aliyejiuliza mikwaruzo inatoka wapi kabla ya kuitafutia dawa. Naandika hapa ili nisiendelee kueleza jambo lilelile kila wiki, maana koo limekauka. Nawapenda, lakini mnachosha.

1. Eksipoti kwanza, lia baadaye. Chukua kile kipande kinachosumbua, kwa kawaida kiitikio ambapo vyombo vyote vinaingia, kirende, yaani kitoe kuwa faili la sauti la wav, kitume kwenye simu, usikilize kwa iafoni.

Wav ikiwa safi, basi mashine inazidiwa wakati wa kupiga tu. Wakati wa kurenda haikimbizani na saa: wimbo wa dakika 3 unaweza kuchukua dakika 10 kurendwa na isipotee sampuli hata moja (vile vipande vidogo mno vinavyounda sauti kwenye kompyuta). Wav ikiwa nayo inapasuka, hasa kila kiki (ile ngoma nzito) inapopiga, tazama masta yako, njia ya mwisho zinapokutana sauti zote. Umevuka sifuri ya mita, ambayo ndiyo dari, sauti inakatwa kichwa, na hakuna bafa (ile akiba ya sampuli inayoipa mashine muda wa kuhesabu) itakayokusaidia hapo. Shusha viwango, acha ubishi. Na kama unachosikia ni ule mlio wa dididi-dididi kwenye spika za studio, sekunde chache kabla simu haijaita, toa simu yako juu ya waya za spika. Kuna mtu nimemkuta kaandika malalamiko marefu kuhusu FL Studio, programu ya kutengenezea biti, kumbe tatizo ni kisimu chake cha batani.

2. Bafa. Mnaijua, mnaipandisha na kuishusha kama kitufe cha redio, lakini hesabu yake hamuifanyi. Sampuli 128 kwenye projekti ya sampuli 44100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 3. Maana yake ndani ya milisekunde 3 mashine inatakiwa iwe imemaliza kazi ya plagini zote, halafu ianze tena, na tena, bila kukosa hata mara moja. Ikichelewa mara moja tu unasikia "tak". Ukiweka 512 unaipa kama milisekunde 12, ukiweka 1024 inapata 23. Ukipandisha projekti kwenda 96000 eti sauti iwe ya kimataifa, ile 128 inabaki milisekunde 1.3 na kazi imeongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa Celeron! Kaa 44100, hakuna shabiki aliyewahi kukudai.

Wakati wa kumiksi weka 1024 au hata 2048, kwani nani anaimba? Wakati wa kurekodi teremka. Usifanye kama yule aliyeacha 2048 halafu akamgombeza msanii kwamba hajui kushika mapigo. Msanii alikuwa anajisikia amechelewa karibu milisekunde 50, na hapo sijahesabu njia ya kuingilia. Nani angeshika mapigo hapo?

Na kama huna intafesi, usibaki kwenye draiva ya kawaida ya Windows (programu inayounganisha mashine na kifaa cha sauti). Weka draiva ya FL Studio ASIO au ASIO4ALL. ASIO yenyewe ilitengenezwa na Steinberg wa Ujerumani mwaka 1997 kwa shida hii hii, kuikwepa njia ndefu ambayo sauti inapitishwa ndani ya Windows.

3. Hapa ndipo nina kidonda. Nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi hii nilijifunza ile habari ya namba 1, kwamba mikwaruzo ya kupiga haiingii kwenye wav, nikaibeba kama msahafu. Nilichokuwa sijui ni kwamba nimejifunza nusu yake.

Alikuja mama mmoja, mwimbishaji wa kwaya, kavuka na pantoni kutoka Kigamboni asubuhi, kavaa kitenge kilichopigwa pasi, kaja na binti wa kumbebea pochi. Wimbo wake mwenyewe, hela yake mwenyewe. Mimi nimefungua projekti nzima: ngoma, kinanda, vinanda vya nyuzi vya Kontakt (plagini ya vyombo vilivyorekodiwa) vinavyosomwa moja kwa moja kutoka diski ya zamani inayozunguka kwa tabu. Akasema anajisikia kwa kuchelewa. Nikashusha bafa hadi 64, sikugusa kingine chochote.

Akaanza kuimba, akasimama. "Mwanangu, mbona kuna kitu kinapasuka humu masikioni?"

"Usijali mama, hiyo ni ya kompyuta tu. Ikitoka itakuwa safi."

Akaniamini. Kwenye ubeti wa pili alifumba macho, mkono kifuani, akapanda juu na sauti, nywele zikanisimama. Nikamwambia tumemaliza, hakuna haja ya kurudia. Akalipa, akaondoka na binti yake kuwahi pantoni.

Usiku nikarenda. Tak. Nikarenda tena kwa ubora wa juu, tak palepale. Nikaiacha sauti yake peke yake, nikaivuta karibu kwenye skrini, nikauona mstari wa wimbi unakuja vizuri, ghafla unaanguka wima hadi sifuri, halafu unaendelea mbele kama hakuna kilichotokea. Pale kwenye neno "rehema", herufi h haipo. Imebaki "re-ema". Na si hapo tu.

Sababu ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Sauti inayotoka, mashine ikikosa kuihesabu sasa, wakati wa kurenda itaihesabu upya. Sauti inayoingia haina upya. Mashine ikishindwa kupokea sampuli wakati mama anaimba, sampuli hizo hazikuandikwa popote. Hakuna wav safi iliyojificha mahali.

Nilijaribu kila ufundi. Nikakopa "rehema" kutoka ubeti wa kwanza, lakini kule alikuwa ameimba chini, ikasikika kama mtu mwingine kadandia wimbo. Nikapitisha plagini ya kuondoa tak, mama akapata kithembe. Mwisho nikaifunika kwa riverbu (mwangwi) nikamtumia, nikijiambia hatasikia. Alinipigia. Akakaa kimya kidogo kwenye simu, halafu akasema taratibu, "Mwanangu, hii siyo niliyoimba."

Nilimrudishia hela, akakataa nusu yake. Akarudi kurekodi siku nyingine, ana mafua. Wimbo unaopigwa kanisani kwao mpaka leo ni ule wa mafua, na kila mtu anausifu isipokuwa mimi na yeye.

Kwa hiyo: kabla msanii hajafika, renda biti yote kuwa wav moja, fungua projekti mpya tupu, ndani yake iwe biti na traki ya sauti tu. Bafa 128 au 256. Intafesi yako ikiwa na kitufe cha kumsikilizisha msanii moja kwa moja, kitumie, bafa haitamhusu tena. Na msanii akisema kuna kitu kinapasuka, simamisha. Masikio yake yako kazini kuliko yako.

4. Ya haraka haraka. Chomeka chaja, maana kwenye betri laptopu nyingi hupunguza mwendo zenyewe. Weka mpango wa umeme kwenye hai pafomansi. Zima wifi, kuna draiva za wifi zinazoishika mashine kwa vipindi vifupi na kukuletea tak hata mita ya prosesa ikisoma asilimia 40. Pakua programu ya LatencyMon ikuonyeshe draiva mkorofi badala ya kubahatisha. Funga Chrome. Najua una tabu 23, funga.

Na iondoe kitandani! Godoro linaziba matundu ya feni, prosesa inapata joto, inajipunguza kasi ili isiungue, halafu unasema projekti ilikuwa inafanya kazi vizuri saa moja iliyopita. Hizi laptopu za mtumba zimekuja na vumbi la ofisi za watu. Mpe fundi aifungue, apulize, apake krimu mpya ya prosesa.

5. Masta yako ina plagini saba. Nimeziona. Plagini zilizofuatana kwenye njia moja haziwezi kugawanywa kwa kori tofauti za prosesa (vile vitengo vya kuhesabia vilivyomo ndani yake), kila moja inaisubiri iliyotangulia, kwa hiyo kori moja inakufa huku nyingine zimelala. Zima zote za masta wakati wa kutunga, ziwashe wakati wa kumiksi. Riverbu weka moja kwenye sendi (njia ya pembeni ya pamoja), kila traki ipeleke kiasi chake huko. Sinthi (kinanda cha kompyuta kinachotengeneza sauti) uliyoridhika nayo irende kuwa wav, izime, hifadhi nakala ya projekti pembeni ukitaka kuirudia.

6. Nyie wa singeli mna ugonjwa wenu. Kwa BPM 250 (mapigo kwa dakika), noti moja ya kumi na sita ni milisekunde 60. Ukiweka sinthi yenye mkia (sauti inayobaki ikififia) wa sekunde 2 na kuipiga kila noti, wakati wowote kuna sauti zaidi ya thelathini zinazohesabiwa kwa pamoja, na nyingi hazisikiki kabisa kwa sababu ngoma zimezifunika. Punguza mkia, weka kikomo cha sauti 4 kwenye chaneli. Dogo mmoja alinibishia kwamba biti itapoteza uzito. Nikamwekea kikomo alipokwenda kununua vocha, akarudi, akasikiliza, akasema, "Kaka, umeongeza nini? Imekuwa nzito."