Lulumizi ya kupachika kwenye laka ya Kichina: nene au nyembamba?

SWALI: Natengeneza kisanduku cha mbao, sentimita 20 kwa 12, kwa mtindo wa luodian wa China, yaani ganda la lulumizi lililopachikwa kwenye laka: laka nyeusi, picha ya ndege kwenye tawi la mplamu lenye maua. Nina vipande vya chaza vya milimita 1 na karatasi za abaloni, yaani ganda la konokono wa baharini lililokatwa jembamba kama karatasi. Nitumie kipi?

JIBU: Amua unene kwanza, rangi baadaye. Luodian nene hutumia vipande vya takriban milimita 0.5 hadi 2. Ndiyo iliyopamba migongo ya vioo vya shaba vya enzi ya Tang ya China (618–907). Ile nyembamba, ambayo mji wa Yangzhou, China, unasifika kwayo tangu siku za fundi Jiang Qianli, hutumia ganda lililosuguliwa hadi chini ya milimita 0.1, linalokatwa kwa kisu na patasi ndogo ndogo.

Kwa petali na manyoya, chukua nyembamba. Chaza wako wa milimita 1 anahitaji msumeno wa uzi na uso bapa; ukimweka kwenye pembe ya mviringo atavunjika au atabanduka. Tena lazima ujaze lipu ya laka na unga kumzunguka mpaka usawa wake, tabaka kwa tabaka. Ukijaza kwa mkupuo mmoja, lipu itanywea na kipande kitabaki kimejitokeza. Kwa kazi ya kwanza usichanganye unene wa aina mbili kwenye kifuniko kimoja: utakaposugua kusawazisha ile nene, nyembamba itakuwa imekwisha.

Abaloni inapendeza kwenye mabawa, ila mawimbi yake hufanya petali ndogo zionekane zina madoa. Petali zitoe kwenye kome wa maji baridi, Hyriopsis cumingii, anayefugwa China kwa ajili ya lulu: ni mweupe, ametulia. Konokono Turbo marmoratus ana rangi safi zaidi, lakini China inamlinda kisheria, kwa hiyo mwombe muuzaji hati.

Kabla ya kukata, lowesha karatasi, ilaze juu ya kitu cheusi na uizungushe kwenye mwanga. Rangi hubadilika kadiri unavyoigeuza. Weka alama ya mshale upande unaoupenda. Kagua pia mgongo. Karatasi nyingi za dukani zimebandikwa plastiki, na weusi wa chini, ambao ndio unaokoleza rangi, hautapenya.

Gandisha kwa laka mbichi (utomvu wa mti wa laka), safu nyembamba sana, ukisukuma hewa itoke. Penye hewa patabaki doa la kijivu. Iache ikauke kwenye kabati lenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 75 hadi 80. Paka laka nyeusi mara mbili au tatu, kisha kwangua iliyo juu ya ganda kwa kisu butu, umalizie kwa msasa wa maji namba 1500. Laka ikibaki juu, petali zitageuka rangi ya asali.

Sugua ganda likiwa limelowa, na vaa barakoa. Laka mbichi nayo inatoka kwenye mti wa jamii moja na mkorosho: ikiwa utomvu wa ganda la korosho umewahi kukubabua, usiiguse bila glavu.